YAH: KUFUNGA MUHULA, NA KUMBUKUMBU ZA ASKARI WA JAMII YETU

Ndugu Mzazi/Mlezi,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Shule inafungwa Ijumaa. Mwanao atakuja na ripoti yake ndani ya bahasha. Isome ukiwa naye, uisaini, irudi siku ya kufungua. Mahudhurio ya muhula huu yamenifurahisha na ninawashukuru. Habari za sare na michango zimo kwenye karatasi iliyoambatanishwa, kwani hapa nina jambo lisiloweza kungoja.

Muhula huu mwanafunzi wa Kidato cha Pili aliniletea nyota ya pembe sita, imeviringishwa kwenye kipande cha kanga. Utepe wake ulikuwa umechakaa, lakini rangi zilionekana: buluu iliyokolea, mstari mpana mwekundu katikati na miembamba ya chungwa. Ni Nyota ya Burma, medali ya Uingereza kwa waliopigana Burma (leo Myanmar) katika vita ya pili ya dunia; Bama, kama walivyoitamka wazee wetu wa keya, yaani askari wa King's African Rifles. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliwasukuma Wajapani katika bonde la Kabaw mwaka 1944, mvua ikinyesha, njia zikiwa tope tupu.

Tuliigeuza nyuma tukitafuta jina. Halikuwepo. Medali za fedha za vita ya 1914 hadi 1918 huwa na namba, cheo na jina la askari ukingoni, lakini nyota za vita ya pili Uingereza ilizitoa bila jina. Kijana alichojua ni kwamba ilikuwa ya babu wa baba yake. Alikuwa kikosi gani, alirudi lini, hakuna aliyemsimulia. Nilisikitika sana. Bibi anayeyajua hayo bado yu hai, na bibi huyo akiondoka, nyota ile itabaki chuma tu.

Kwa hiyo likizo hii naomba kila mtoto akae na mzee wa ukoo, kalamu mkononi. Aandike kitu ni cha nani, kilifikaje nyumbani, nani alikitunza. Picha, barua, vyeti vya kuachishwa jeshi, beji, vifungo vya sare, vyote tunavipokea. Familia za wapagazi msijione hamna cha kuleta. Wapagazi wa vita ya kwanza, ambao jina la kikosi chao, Carrier Corps, ndilo lililotuachia Kariakoo, walikufa kwa maelfu, wengi kwa maradhi kuliko risasi, na aghalabu kilichobaki nyumbani ni masimulizi. Masimulizi hayo tunayataka kuliko medali.

Tafadhali msisugue chochote. Nyota ile ilikuwa imepigwa majivu na ndimu upande mmoja, na maandishi yameanza kufutika. Picha zisibandikwe gundi wala kutiwa plastiki ya moto. Jina liandikwe nyuma kwa penseli laini, taratibu. Risasi na mabaki ya mabomu, hata yenye kutu, yasiguswe wala kuletwa shuleni: toeni taarifa polisi.

Hatuchukui mali ya mtu. Tutapiga picha mbele yenu na kuwarudishia siku hiyohiyo. Atakayependa kutuazima atapewa hati yenye sahihi yangu. Na akipita mnunuzi kijijini akiulizia medali, nawasihi mje kwanza tuzungumze.

Nawatakia likizo njema.

Wenu katika malezi,
Mkuu wa Shule