Someni karatasi kabla ya kununua katalitiki

Ndugu Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako miaka mingi bila kukuandikia, ila ile makala yenu ya wiki iliyopita kuhusu magari ya zamani yanayoanguka kipimo cha moshi imenishinda kunyamazia. Ati dawa ni katalitiki mpya, kile chombo cha kusafisha moshi ndani ya ekzosi, na asiyeimudu auze gari kama chuma chakavu. Mwandishi wenu hakuuliza hata kidogo ile karatasi inayotoka kwenye mashine ya kupima moshi inasema nini.

Inasema mengi. Lambda ni hewa iliyoingia ikilinganishwa na inayohitajika: 1 maana yake kilo 14.7 za hewa kwa kilo moja ya petroli, na nchi nyingi hukubali 0.97 hadi 1.03. Katalitiki haiibadilishi lambda, ilimradi hakuna hewa inayopenya njiani. Huchoma mabaki kwa oksijeni iliyobaki, na hesabu hutoka vilevile ilivyoingia. Karatasi ikionyesha 0.92, ugonjwa uko kwenye injini, na katalitiki mpya itaungua kama ya kwanza.

Lambda ikiwa chini na kaboni monoksidi juu, petroli imezidi. Chomoa mpira wa vakyumu kwenye regyuleta ya presha ya mafuta. Ukikuta umelowa petroli, kiwambo cha ndani kimepasuka. Pima sensa ya joto la maji: nyingi husoma omu 2,000 hadi 3,000 kwenye nyuzi 20, na 300 hivi injini ikipata moto. Isiposhuka, kompyuta hudhani injini ni baridi kutwa nzima na kuendelea kuimwagia petroli. Themostati iliyokwama wazi huleta balaa hilohilo. Oili inayonuka petroli imwagwe kabla ya kipimo, kwa sababu mvuke wake hurudishwa injini kuchomwa.

Haidrokaboni, yaani petroli isiyoungua, zikiwa juu peke yake, injini inamisi: plagi, waya, koili, au vali iliyoungua. Oksidi za naitrojeni zikizidi, tazama vali ya EGR, ile inayorudisha sehemu ya moshi kwenye injini, kama imezibwa na masizi, na kama injini inachemsha.

Lakini kinachonikera hasa ni ekzosi inayovuja, ambayo makala haikuitaja hata kwa neno moja. Moshi hutoka kwa mapigo, na baada ya kila pigo kuna mvuto mdogo. Ufa ukiwa kabla ya sensa ya oksijeni, ile inayoiambia kompyuta kiasi cha oksijeni kwenye moshi, hewa ya nje hunyonywa ndani. Sensa, ambayo inapaswa kupanda na kushuka kati ya volti 0.1 na 0.9, hulala chini na kudanganya kwamba petroli ni pungufu. Kompyuta inatii, inaongeza. Kaboni monoksidi inapanda, katalitiki inapata moto kupita kiasi, masega yake ya ndani yanayeyuka, na fundi anayebadilisha vipuri kwa kubahatisha anaagiza nyingine. Lipo gari lililofungwa katalitiki mpya mara mbili na kuanguka mara mbili, na wakati wote huo mstari mweusi wa masizi ulikuwa kwenye gasketi ya manifoldi, pale ekzosi inapoungana na injini, unaonekana bila hata tochi! Kibaya zaidi, vituo vingine hugonga muhuri tu wa "limeanguka" na kumnyima mwenye gari namba za kipimo chake, tena baada ya kuliacha gari foleni mpaka injini ikapoa, ilhali katalitiki haifanyi kazi ya maana kabla ya kufika nyuzi 250 au 300.

Na wale wanaochomoa masega kwa ajili ya platinamu na paladiamu iliyomo, kisha wakachomelea ganda tupu likarudi mahali pake? Hao nao mngewaandikia makala.

Napendekeza kila duka la katalitiki lilazimishwe kutoa chupa ya nusu lita ya maji ya sabuni. Mnunuzi apulize hewa kwenye mdomo wa ekzosi injini ikiwa baridi, anyunyizie kila ungio kutoka manifoldi hadi sensa, na atie saini kwamba hakuona povu. Ndipo alipe. Mwandishi wenu apewe chupa ya kwanza bure.

Fundi wa injini za petroli