Barua kwa Baba Samweli

Moshi,
Jumapili jioni.

Mpendwa ndugu yangu Baba Samweli,

Pokea salamu zangu, wewe pamoja na shemeji. Nimeipata picha ya mtoto akiwa amefungwa katika khanga ya bibi yake wa Tanga, na nimelisoma swali lako: je, ni kweli, kama alivyosema mwinjilisti siku ya ubatizo, kwamba Samweli maana yake ni "aliyeombwa kwa Mungu"? Kwa kuwa mlimngoja mtoto huyu miaka tisa, sikutaka kukujibu kwa mkato kwenye simu.

Mwinjilisti hakulibuni jambo hilo. Katika 1 Samweli 1:20 Hana, mama yake nabii Samweli, mwenyewe anaeleza kwamba alimwita mwanawe hivyo kwa sababu alimwomba kwa Bwana. Ila kitenzi cha Kiebrania anachokitumia, sha'al, yaani kuuliza au kuomba, hakizai jina Shemuel, ndilo Samweli kwa Kiebrania. Kinazaa Sha'ul, ambaye sisi tunamwita Sauli. Kitenzi hicho na nomino yake vinarudi mara saba katika aya ya 17, ya 20, ya 27 na ya 28, na katika hiyo ya mwisho, Hana anapomkabidhi mtoto kwa kuhani Eli kule Shilo, neno linalomtoka kinywani ni sha'ul lenyewe, herufi kwa herufi. Wapo wataalamu waliodai kwamba kisa hiki hapo awali kilihusu kuzaliwa kwa Sauli, kisha kikahamishiwa kwa nabii. Mimi siwafuati. Ukifika sura ya 8, aya ya 10, utawakuta Waisraeli wakiomba mfalme kwa kitenzi kilekile, na mfalme watakayempata ndiye huyo Sauli. Naona mwandishi aliliweka ombi la mama mkabala na ombi la taifa akijua vizuri anachokifanya.

Wewe na mimi tunacho kitenzi hicho ndimi mwetu bila kujua. Swali, suala na maswali yametujia kutoka Kiarabu, ambacho mzizi wake sa'ala ni ndugu wa damu wa sha'al.

Wengine watakwambia kwamba Samweli ni "aliyesikiwa na Mungu". Ni maelezo matamu, lakini yanakwama kwenye tahajia. Kusikia kwa Kiebrania ni shama, na neno hilo huishia kwa herufi ayin, ile sauti ya kooni. Ishmaeli (Mwanzo 16:11) na Simeoni (Mwanzo 29:33) wanayo, naye Samweli hana. Jina lake lina herufi tano tu: shin, mem, waw, alef, lamed. Ukiiondoa mem, zinazobaki ndizo herufi za Sha'ul, ingawa mpangilio wake ni tofauti, na bila shaka sikio la Mwebrania liliunasa mchezo huo mara moja.

Kinachobaki, na ndicho ninachokiamini, ni shem, "jina", na El, "Mungu": "jina la Mungu", au "jina lake ni Mungu". Muundo huo ni mkongwe kuliko Israeli yenyewe, kwani mmoja wa wafalme wa kwanza wa Babeli, katika karne ya 19 kabla ya Kristo, aliitwa Sumu-la-El. Shem nalo ni ndugu wa ism ya Kiarabu, tunayoitamka katika bismillahi na katika isimu wanayoifundisha vyuoni. Kwa hiyo mtoto wako anaitwa Jina, jambo ambalo limenichekesha peke yangu hapa mezani.

Bibi wa Tanga akiuliza kama nabii huyu yumo katika Kurani, mwambie kwamba sura ya 2, aya ya 246, inamtaja kama nabii wa Waisraeli bila kumpa jina, na kwamba wafasiri wengi humwita Shamwili. Sauli yumo pia, kwa jina la Taluti.

Kuhusu cheti cha kuzaliwa, Samweli, Samwel na Samuel yote ni sahihi. Wagiriki hawakuwa na sauti ya "sh", wakaandika Samouel, nasi tumerithi "s" yao. Chagueni tahajia moja kabla hamjajaza fomu, maana kuja kusahihisha herufi moja baadaye ni kazi ya miezi. Shemeji naye asiache kusema kwamba alimwomba, kwa kuwa Hana alisema hivyohivyo.

Nitakuja Pasaka nimbebe.

Ni mimi ndugu yako,
Mwalimu