Malalamiko kuhusu dubu mliyetuuzia

Meneja wa Mauzo,

YAH: SAFARI YA MELI YA SVALBARD, JUNI 2025

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Silalamiki kwamba hatukuona dubu. Tulimwona. Nalalamikia umbali, ambao mliujua tangu mwanzo mkakaa kimya.

Kuanzia tarehe 1 Januari 2025, sheria za Norwei zinakataza kumsogelea dubu mweupe wa visiwa vya Svalbard chini ya mita 300, na kati ya tarehe 1 Machi na 30 Juni ni mita 500. Nafasi yangu niliilipia Februari, sheria ikiwa imeshaanza kutumika. Hata hivyo kipeperushi mlichonitumia kina dubu aliyesimama chini kabisa ya omo, abiria wakimpiga picha kwa simu. Habari ya mita 500 tuliisikia mara ya kwanza tukiwa melini, mji wa bandari wa Longyearbyen tumeshauacha nyuma.

Kwa macho matupu, umbali huo unakupa doa la rangi ya samli juu ya barafu. Darubini ya miguu mitatu ilikuwa moja kwa sitaha nzima. Zamu yangu ilipofika, nilimwona akiinua pua kunusa upepo, mara aliye nyuma yangu akanigonga bega. Basi. Baadaye dubu akaanza kuja upande wetu, nahodha akairudisha meli nyuma, kama inavyompasa. Hapo zogo likaanza: watu wazima wakamfokea kijana mwongozaji, wakamwita mwoga. Akameza matusi yaliyostahili kwenda ofisini kwenu.

Nimeendesha watalii Serengeti kwa miaka mingi, na wageni wanaodai simba asogelewe nawajua vizuri. Nidhamu ya wafanyakazi wenu wa melini naiheshimu, na sheria yenyewe naiunga mkono (ingekuja hata mapema). Lakini mgeni huambiwa masharti kabla hajatoa pesa. Jibu lenu la barua pepe, kwamba wanyama wa porini hawatabiriki, haligusi hoja yangu. Dubu hatabiriki; mita 500 zimeandikwa.

Naomba mnirejeshee sehemu ya nauli, na picha ile iondolewe. Leo asubuhi bado ilikuwa kwenye tovuti yenu, juu ya bei za msimu ujao. Nisipopata jibu la maandishi ndani ya siku 14, nitalipeleka suala hili kwenye mamlaka ya kuwalinda walaji.

Wenu,
Abiria wa safari ya Juni