Risala ya Klabu ya Sayansi kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Maonesho ya Kazi za Wanafunzi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Daktari wa Mifugo, Mheshimiwa Diwani wa kata yetu, Mwenyekiti na wajumbe wa Bodi ya Shule, Mkuu wa Shule, walimu wetu, wazazi na walezi, wanafunzi wenzetu, mabibi na mabwana: shikamooni.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha tukiwa wazima. Tunakushukuru nawe, Mgeni Rasmi, kwa kukubali mwaliko wetu. Leo ni Jumamosi, siku ya soko la Tengeru, na tunajua daktari wa mifugo siku ya soko husubiriwa na watu wengi kuliko sisi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Klabu yetu ina wanachama 31, wasichana 19 na wavulana 12, kuanzia kidato cha pili hadi cha nne. Ilianza kama klabu ya mazingira, na kazi yake ilikuwa kupanda miti na kuokota chupa. Miti mingine ilipona, mingine iliishia kwa mbuzi wa jirani. Mwaka jana mambo yalibadilika. Mwalimu wetu wa Baiolojia alikuja na kishikwambi chake, mojawapo ya vile vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022 kisha wakagawiwa walimu, akatuonyesha picha za kinyesi cha kuku. Picha moja, ya pili, ya kumi. Tulicheka hadi darasa la jirani likaja kuchungulia.

Kisha akatuambia zilikotoka. Zilipigwa kwa simu za kawaida na watafiti wa Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, hapa hapa Tengeru, katika mikoa ya Arusha na Kilimanjaro, kati ya Septemba 2020 na Februari 2021. Baadaye waliziweka wazi kwenye intaneti ili mtu yeyote azitumie. Maana yake mwanafunzi wa Brazil au India leo anafundisha kompyuta yake kwa kinyesi cha kuku wa mkoani kwetu, wakati sisi wenye kuku tunakifagia na kukitupa migombani. Siku hiyo tukaacha kucheka. Jina ambalo shule nzima imetupa tangu hapo tunaomba tusilisome mbele ya wageni.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Wazazi wengi wamesikia neno akili mnemba na wanalihusisha na simu inayojibu maswali. Tulichojifunza sisi ni kazi ya chini zaidi, ile ya kuifundisha mashine. Mashine haipewi kanuni. Hakuna anayeiambia kwamba kinyesi chenye damu ni dalili ya koksidiosisi. Inapewa picha nyingi, kila moja na lebo yake: huyu mzima, huyu ana koksidiosisi, huyu salmonela, huyu mdondo. Inakisia, inaambiwa imekosea, inarekebisha hesabu zake kidogo, inakisia tena, maelfu ya mara. Bibi zetu walijifunza hivyo hivyo, ila bibi alitumia miaka arobaini na kuku aliokuwa nao.

Faida yake wewe unaijua kuliko sisi. Koksidiosisi inatibika. Mdondo hauna dawa; ukishaingia bandani kilichobaki ni kutenga wagonjwa na kuwaokoa wa jirani, na kinga yake ni lile tone la chanjo jichoni kila baada ya miezi mitatu. Mfugaji asiyejua kuku wake anaumwa nini hukimbilia duka la dawa, hununua kiuavijasumu chochote, na kukichanganya kwenye maji ya kunywa. Kuku anakufa, na vijidudu vilivyobaki vinazoea dawa. Huo ndio usugu ambao mabango ya hospitali yanatuonya kila siku.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Baada ya kufanya mazoezi kwa picha za watafiti, tulijivuna, tukaamua kukusanya picha zetu wenyewe. Kwa miezi miwili tulizunguka kwenye mabanda ya kata hii na simu tatu za kuazima. Kuna mama mmoja, yupo hapa leo na hatutamwonyesha kidole, alitufukuza akiuliza kama tumekosa kazi ya kufanya nyumbani kwetu. Wengine walitupokea vizuri na kutupa ndizi. Tulipata picha 640, tukaziingiza kwenye programu ya bure katika kompyuta pekee ya maabara inayowaka, na mashine ikafaulu vizuri mno. Ikawa karibu haikosei. Tukaanza kuandaa hotuba ya kupokea tuzo.

Aliyetuangusha ni mwanachama wa kidato cha pili. Alipiga picha ya sakafu ya banda la shule, sakafu tupu, hakuna kuku wala kinyesi, akaipa mashine. Mashine ikajibu: kuku mzima.

Tulipochunguza tukaona aibu yetu. Picha za kuku wazima karibu zote tulizipiga kwenye banda la shule, ambalo limemwagwa maranda ya mbao. Picha za kuku wagonjwa tulizipiga majumbani, kwenye udongo. Mashine haikuwahi kuangalia kinyesi. Ilijifunza kutofautisha maranda na udongo, na kwa kazi hiyo ilikuwa hodari kweli.

Tulijifariji tuliposoma kwamba wakubwa nao yamewakuta. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, waliofundisha mashine kutambua saratani ya ngozi mwaka 2017 kwa picha karibu 130,000, walikuja kueleza kwamba picha yenye rula iliifanya mashine ihisi saratani zaidi, kwa kuwa madaktari huweka rula pembeni ya uvimbe wanaoushuku. Mwaka 2018 watafiti wengine wa Marekani walionyesha kwamba mashine ya kusoma picha za mapafu iliweza kutambua picha imepigwa hospitali gani, na kwa kuwa hospitali moja ilikuwa na wagonjwa wengi wa nimonia kuliko nyingine, ikatumia hiyo kama njia ya mkato. Rula yao, maranda yetu.

Kosa hilo tulilirekebisha. Sasa kila picha inapigwa juu ya karatasi nyeupe, kuku awe wa shule au wa nyumbani. Mashine ikashuka sana kwenye majibu yake, na mwalimu akasema hiyo ndiyo alama ya kweli, ile ya kwanza ilikuwa ya kuigizia.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Kosa la pili hatukuweza kulirekebisha, na ndilo lililotufanya tukualike wewe na si mgeni mwingine yeyote.

Lebo zetu tulizipata kwa wenye kuku. Tulikuwa tunauliza, "Mama, huyu anaumwa nini?" Mama anajibu, "Mdondo." Tunaandika mdondo. Nyumba ya pili, mdondo. Nyumba ya tatu kuku anaharisha damu, mdondo. Mwishoni daftari letu likawa na mdondo kurasa nne. Ndipo mjumbe mmoja akauliza swali ambalo sote tulilijua na hakuna aliyetaka kulitaja: hivi nyumbani kwetu kuna kuku anayekufa kwa kitu kingine? Katika kata hii kuku wakifa wawili kwa mpigo, ni mdondo. Tuliloandika kwenye daftari halikuwa ugonjwa. Lilikuwa habari ya msiba tu.

Wale watafiti wa Tengeru walilijua tatizo hili kabla yetu. Ndiyo maana kwa sehemu ya picha zao waliwaambukiza kuku kwa makusudi, wakasubiri siku tatu kwa mdondo na wiki moja kwa salmonela, ndipo wakapiga picha, ili lebo isiwe ya kukisia. Hatuombi ruhusa ya kuambukiza kuku wa mtu. Tunaeleza tu kwamba sehemu ngumu ya kazi hii haiko ndani ya kompyuta. Iko bandani, kwa mtu mwenye ujuzi wa kusema huyu ana hiki na asiwe anabahatisha.

Jambo hili tumeliona kila tulikosoma. Mwaka 2020 watafiti wa chuo cha MIT cha Marekani walifundisha mashine kwa kemikali zipatazo 2,300, kila moja ikiwa imepimwa kwanza maabara kama inazuia bakteria au haizuii. Kisha mashine ikachambua maelfu ya kemikali nyingine na kuokota moja iliyokuwa imechunguzwa zamani kwa ajili ya kisukari. Wakaiita halisini, na ikaua baadhi ya bakteria sugu kwenye panya. Sifa zote ilipewa mashine. Walioshika vile vichupa 2,300 hatujawasikia kwenye redio. Serengeti nako ni vivyo hivyo: mwaka 2018 ilitangazwa kwamba mashine imejifunza kutambua wanyama 48 kwenye picha milioni 3.2 za kamera zilizofungwa porini, lakini ilifundishwa na majibu ya maelfu ya watu waliojitolea kukaa mbele ya kompyuta wakiandika nyumbu, nyumbu, pundamilia, nyumbu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Turudi nyumbani. Ukituangalia tunapocheka utaona meno yetu. Sisi wa miteremko ya Meru tumezaliwa tukiyakuta maji yana floridi kutokana na miamba ya volkano, na meno yetu yana rangi tunayofahamika nayo. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Kwa miaka mingi kiwango cha nchi yetu kilikuwa miligramu 4, kwa kuwa kupata chini ya hapo sehemu kama hizi si rahisi. Wenzetu wa Ngurdoto wana kituo cha kuchuja floridi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe tangu wazazi wetu wakiwa wadogo.

Mwaka 2022 watafiti wa Uswisi walichapisha ramani ya floridi ya maji ya ardhini duniani kote, iliyochorwa na mashine iliyofundishwa kwa vipimo zaidi ya 400,000. Njia waliyotumia inaitwa msitu nasibu. Mashine inaotesha miti mingi ya maamuzi, kila mti unauliza maswali yake kuhusu mwamba, mvua, joto na udongo, kisha miti inapiga kura. Sisi tuliotoka kwenye kupanda miti, jina hilo lilituingia moyoni mara moja. Walikadiria watu wapatao milioni 180 wako kwenye hatari, wengi wao Afrika na Asia.

Ramani hiyo ni nzuri, ila imechorwa kwa macho ya mtu aliye mbali sana. Haijui kwamba kisima cha juu ya barabara na cha chini ya barabara vinaweza kutofautiana kabisa. Tukapanga tuchore ya kwetu. Wazo la kwanza lilikuwa kupiga picha meno ya watoto wa shule ya msingi na kuandika kila mmoja anakunywa maji ya wapi. Tuliomba kibali kwa wazazi na wengi walikataa. Tulinuna wiki nzima. Baadaye mwalimu akatusomea Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na tukakubali kwamba waliokataa walikuwa na haki: meno ya mtoto ni ya mtoto, hata kama kila mtu anayaona. Sasa tumeorodhesha vyanzo vya maji 22 vya kata hii na mahali vilipo. Safu ya floridi kwenye jedwali ingali tupu. Hatuna kipimo, na kukisia tumeshaapa hatutakisia tena.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Desturi ya risala ni kufikia mahali ukaomba kompyuta. Tunaziomba, tusijifanye watu wasio na shida. Kompyuta moja kwa watu 31 ina maana wengi wetu tumefundisha mashine kwa kuchungulia juu ya bega la mwenzetu. Bando nalo ni la mwalimu.

Hata hivyo, ukituambia tuchague kimoja, tutachagua saa zako. Tunakuomba wewe, au afisa mifugo utakayemteua, aje kwenye kata yetu mara moja kila baada ya wiki mbili kwa muhula mmoja, atembee nasi kwenye mabanda, na kwa kila kuku mgonjwa aandike kwa mkono wake ni ugonjwa gani. Kuku ambaye hana uhakika naye, aandike hana uhakika. Tutampiga picha na huyo, na tutamtenga kwenye folda yake. Pale ambapo jicho halitoshi, tunaomba sampuli zetu chache zipokelewe kwenye maabara unayofanyia kazi. Ndizi za kumpa mgeni njiani hazitakosekana, tumeshaongea na wazazi.

Mheshimiwa Diwani, tunakuomba utufikishie kwa mamlaka ya maji orodha yetu ya vyanzo 22, ili waje na kipimo chao, siku yoyote watakayoona inafaa. Wanachama wawili wataacha hata mpira kuwaongoza njia.

Na kwa yule mama aliyetufukuza: tunaomba turudi. Safari hii tutakuja na karatasi nyeupe, tutapiga picha tano tu, na tukitoka tutafagia banda.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.