Nano ya kweli haiuzwi kwa spika

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo maana hili jambo limenikaa kooni. Hapa Mbeya ukipita Mwanjelwa utakuta vijana na spika wanatangaza maji ya "nano", eti yanatibu saratani zote, ya titi, ya tezi dume, ya shingo ya kizazi, chupa moja tu unamaliza kazi. Na watu wananunua! Wengine ni wale walioshaambiwa na daktari waende hospitali ya saratani ya Ocean Road, wanaahirisha safari ya Dar wanabaki na chupa.

Nano, yaani utaalamu wa kutumia chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho, ipo kweli, sibishi. Marekani waliidhinisha dawa ya saratani inayoitwa Doxil tangu 1995, ndani yake ni doksorubisini, ile dawa nyekundu ya dripu ambayo waliopiga kemo wanaijua vizuri, sasa hapa imefungiwa kwenye vipovu vya mafuta vya kama nanomita 100 (nanomita milioni moja ndo milimita moja), wakati unywele wako mmoja unene wake unafika 80,000 hivi. Ilianza na Kaposi, saratani ya mabaka kwenye ngozi inayowaandama wenye VVU, na sisi wa Mbeya, Iringa na Njombe hatuhitaji kuhadithiwa kuhusu VVU. Mishipa ya damu ya uvimbe inavuja ndo maana vile vipovu vinapenyea pale, moyo unapata nafuu kuliko kwa dawa ya kawaida, ila viganja na nyayo zinaweza kubabuka. Na inaingia kwa mshipa, nesi yuko pembeni, baada ya kipande cha nyama ya uvimbe kupimwa maabara. Hainywewi bana.

Tena hao wataalamu wenyewe bado wanahangaika, uchambuzi wa tafiti uliotoka 2016 ulionyesha kwa wanyama wa maabara chini ya asilimia 1 ya dawa za nano ndo inafika kwenye uvimbe. Sasa wewe wa spika umewashinda?

Upande wa vipimo ndo tumeshaizoea bila kujua, kale kamstari kekundu kwenye kipimo cha malaria au cha mimba mara nyingi ni chembe za dhahabu za saizi hiyohiyo ya nano. Kwa saratani vipimo vya hivyo bado vinatafitiwa, kwahiyo kina mama msisubiri, kile cha shingo ya kizazi cha kupakwa siki kipo na majibu unapewa palepale.

Redio zetu nazo ziache kurusha hayo matangazo. TMDA, wale wanaosimamia dawa na vifaa tiba nchini, ofisi ya kanda wanayo hapahapa Mbeya, waje Mwanjelwa hata kesho waulize namba ya usajili ya hizo chupa.

Msomaji wenu,
Uyole, Mbeya