Athman, usiuchape mchoro wa Vesta

Malindi, Jumatano jioni

Sahibu yangu Athman,

Assalaam aleikum. Nyumbani hawajambo? Huku ni salama, ila joto na umeme wa kupotea-potea. Mchoro wako wa Vesta, ile asteroidi (mwamba mkubwa unaozunguka Jua), uliompa Omari umenifika. Naandika mbio kabla hujaupeleka kuchapwa.

Usiuchape. Bonde la Rheasilvia kule kusini, lile la kilomita 500 hivi, umelichora vizuri kuliko wengi. Taabu ni lile duara jekundu katikati, “kiini cha chuma, km 110”.

Namba hiyo ni ya 2012, nayo haikupimwa, ilikokotolewa. Walikisia densiti ya kiini kuwa kati ya kilo 7,100 na 7,800 kwa mita ya ujazo, ndipo nusukipenyo kikatoka km 113 hadi 107. Ukibadili kisio, na kiini kinabadilika.

Kinachopimwa hasa ni mwendo wa chombo. Dawn, chombo cha anga cha NASA, kilishuka hadi km 210 hivi juu ya Vesta, antena za Goldstone, Madrid na Canberra zikisikiliza redio yake. Mwendo ukibadilika hata kwa sehemu ya milimita kwa sekunde, masafa ya mawimbi yanahama kidogo. Hapo pana mtego: magurudumu yanayokigeuza chombo yakishazunguka kwa kasi mno, vijeti vya haidrazini hupuliza ili kuyapunguza, na kila mpulizo unakisukuma chombo. Usipoukadiria peke yake, utauona kwenye ramani ya uvutano kana kwamba ni mwamba mzito.

Na hata ramani ikiwa safi, haikuambii uzito umekaa wapi ndani. Wewe umekulia majahazini, unajua: vyombo viwili vya uzito mmoja, kimoja farumi imerundikwa katikati, kingine imetandazwa hadi mbavuni, bandarini huenda vikazama sawa. Ngoja mawimbi yaje, uone vinavyoyumba. Kwa Vesta, kuyumba huko ni kwa mhimili, na kunafuatwa kwa kulinganisha alama zile zile za ardhi katika picha za kamera, pamoja na redio. Uvutano unakupa tofauti za momenti ya inesha (kipimo cha jinsi uzito ulivyotandazwa mbali na mhimili), mhimili unakupa tofauti hizo zikilinganishwa na momenti yenyewe. Gawanya moja kwa nyingine, momenti inabaki mkononi.

Hayo ndiyo yaliyotoka 2025, baada ya data zile zile za Dawn kusafishwa upya: momenti, ikigawanywa kwa masi na mraba wa nusukipenyo, ni 0.4208; ikiwa ndogo zaidi, uzito umerundikana zaidi katikati. Tafadhali usiwaambie wanafunzi ni kubwa kuliko 0.4 ya tufe la densiti moja, maana Vesta si tufe, imebonyea. Kwa umbo lake, jiwe la densiti moja lingetoa kama 0.45. Pungufu ni asilimia 6.6 tu! Na ganda jepesi la juu linakula sehemu ya pungufu hilo, kwa hiyo kinachobaki kwa kiini ni kidogo. Basi lile duara lako...

Lakini (Mwalimu Shee atalianzisha, namjua) vimondo vya aina ya HED, mawe yaliyoanguka duniani yanayodhaniwa kutoka Vesta, vimepungukiwa na elementi zinazoandamana na chuma, kana kwamba chuma kilizama mahali. Kuna wanaosema Vesta ilianza kuyeyuka ikakatizwa, wengine kwamba ni kipande cha gimba kubwa zaidi lililovunjwa kwa mgongano. La pili linavutia, ila mimi nisingelifundisha kama habari iliyokwisha.

Duara liwe la nukta-nukta na alama ya kuuliza, namba ya kilomita uifute.

Fundi wa chapa amekupa siku ngapi? Faili ya asili unayo, au ile picha ya simu tu? Rangi za tabaka ulizitoa wapi? Mwalimu Shee ameshauona? Na Bi Zuhura, mguu wake vipi?

Wako,
Salim