Risala ya Wanafunzi wa Saikolojia ya Jamii kwa Mgeni Rasmi Siku ya Kuwaaga Wahitimu

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Idara,
Wahadhiri wetu,
Wazazi na walezi,
Wanafunzi wenzetu,
Mabibi na mabwana,

Awali ya yote tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu. Barua ilikufikia kwa kuchelewa, kosa ni letu, na tunajua ulikuwa na kila sababu ya kutuma mwakilishi. Umekuja mwenyewe. Karibu sana.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Sisi ni wanafunzi tuliochagua kusoma saikolojia ya jamii kwa mtazamo wa kihakiki, pamoja na masuala ya ujumuishi. Tukilitaja somo hili nyumbani tunaulizwa mambo mawili: je, mtaweza kusoma mawazo ya watu? Na kazi mtapata? La kwanza jibu lake ni hapana. La pili tutalirudia kwenye maombi.

Kwa muda mrefu saikolojia imemtazama mtu mmoja mmoja: akili yake, woga wake, tabia yake. Sisi tunafundishwa kuuliza kwanza nani aliyeamua kwamba tatizo liko kwa mtu huyu, na uamuzi huo unamfaidisha nani. Mwaka 1851 daktari mmoja wa Marekani, Samuel Cartwright, alitangaza kwamba watumwa waliokuwa wakitoroka walikuwa wagonjwa, na ugonjwa akaupa jina: drapetomania. Mhadhiri alipotusimulia habari hiyo tulicheka sana. Akatusubiri tumalize, kisha akauliza ni nani kati yetu hajawahi kumwita mwenzake mvivu bila kumuuliza anafanya kazi hadi saa ngapi usiku. Hakuna aliyenyoosha mkono.

Tumejifunza pia kulihoji somo lenyewe. Mwaka 1973 mwanasaikolojia wa Marekani, Kenneth Gergen, aliandika kwamba mengi yanayoitwa sheria za tabia ya binadamu ni habari za wakati wake tu, na wakati ukibadilika nazo hubadilika. Miaka 35 baadaye, mwaka 2008, mwanasaikolojia mwingine, Jeffrey Arnett, aliyapitia majarida makubwa sita ya saikolojia ya Marekani akauliza waliochunguzwa humo ni akina nani. Asilimia 96 walitoka nchi za Magharibi zenye viwanda, asilimia 68 Marekani peke yake. Tena katika jarida la saikolojia ya jamii kati ya hayo, wengi walikuwa wanafunzi wa saikolojia, watu kama sisi, ambao tunajua wenyewe dodoso linavyojazwa dakika tano kabla ya kipindi.

Lakini aliyetugusa zaidi ni Ignacio Martín-Baró, padri Mjesuiti na mwanasaikolojia aliyefundisha El Salvador, nchi ya Amerika ya Kati, wakati wa vita ya wenyewe kwa wenyewe. Aliendesha kura za maoni kuwauliza wananchi wa kawaida wanaionaje vita hiyo, wakati serikali ikidai inajua tayari wanachofikiri. Tarehe 16 Novemba 1989 askari waliingia chuoni usiku wakamuua pamoja na wenzake. Tangu tumsome, hakuna anayesema tena kwamba dodoso ni kazi ya kuchosha. Au tuseme, hatulisemi kwa sauti.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Sasa tuje hapa tulipo. Mwanzoni mwa mwaka huu kila mwanafunzi alipewa fomu ya usajili. Mstari mmoja ulisomeka: "Taja tatizo ulilonalo linalokuzuia kusoma kama wengine." Mwenzetu mmoja asiyeona alimwomba rafiki amsomee na kumjazia. Ulipofika mstari huo akacheka, akasema: "Andika: fomu hii."

Jibu hilo likawa mjadala wa wiki mbili. Mhadhiri akatuonyesha kwamba wapo waliotangulia. Mike Oliver wa Uingereza, mwanazuoni aliyekuwa akitumia kiti mwendo, aliyachukua maswali ya utafiti wa serikali yake kuhusu watu wenye ulemavu akayageuza moja baada ya jingine. Palipoulizwa mtu ana kasoro gani inayomtatiza, yeye akauliza ni kasoro gani ya vifaa au majengo inayomtatiza mtu huyo. Maneno yaliyobadilika ni machache, ila anayetakiwa kujirekebisha si yule tena.

Nasi tukaugeuza mstari wetu: "Ni kitu gani katika ufundishaji, majengo au mitihani yetu kinachokupa shida?" Tukaugawa kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza na wa pili bila kuwataka waandike majina. Tulitegemea majibu kutoka kwa wenye ulemavu, na yalikuja. Mwenzetu kiziwi aliandika kwamba husoma midomo, lakini mhadhiri mmoja huzungumza ameelekea ubaoni, hivyo nusu ya somo hulipata kisogo. Yakaja na mengine tusiyoyategemea. Mama anayenyonyesha aliandika saa za mitihani. Anayelinda usiku aliandika vipindi vya alfajiri. Mmoja aliandika maneno matatu tu: "Jipangeni wenyewe makundi."

Hili la makundi tuliongelee kidogo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mwanasaikolojia Henri Tajfel na wenzake waliwagawa vijana makundi mawili, wakawaambia wamegawanywa kulingana na mchoraji waliyempenda, Klee au Kandinsky. Kumbe waligawanywa kwa bahati nasibu. Walipopewa nafasi ya kugawa pesa, walilipendelea kundi lao, japo hawakujua hata nani yumo ndani yake. Darasani kwetu hapahitaji wachoraji. Mhadhiri akishasema "jipangeni", baada ya dakika mbili wanabaki watu wanne wale wale wamesimama karibu na mlango. Wakiingizwa kundini, wanapewa kazi ya kuchapa jalada.

Wala chama chetu si kisafi. Mwaka jana tulitangaza mjadala juu ya ujumuishi kwa bango la picha, na programu inayowasomea wasioona maandishi ya skrini kwa sauti ikalipita kana kwamba halipo. Mjadala wenyewe tukaufanyia ghorofa ya tatu, jengo lisilo na lifti. Mwenzetu wa kiti mwendo alitutumia ujumbe kutoka chini: "Naendelea kujumuishwa huku." Tangu siku hiyo tunakutana chini, na tangazo halitoki kabla halijaandikwa kwa maneno.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Maombi yetu ni machache. Tunaomba maandishi ya kila mhadhara yatolewe siku moja kabla, yakiwa katika faili linalosomeka kwa programu za sauti, maana kurasa zilizopigwa picha hazisomeki. Tunaomba mkalimani wa lugha ya alama anayelipwa na chuo. Kwa sasa kazi hiyo inafanywa na mwanafunzi mwenzetu kwa moyo wake tu. Mikono yake ikiwa kazini haiwezi kuandika, na muhula uliopita alirudia mtihani wa somo alilowatafsiria wengine wakafaulu. Hili tunaomba ulibebe kuliko yote. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ibara ya 24, unaitaja elimu ya juu waziwazi.

Kuhusu kazi, tunaomba nafasi za mafunzo kwa vitendo nje ya hospitali na shule pia: kwenye ofisi za rasilimali watu, mabaraza na vyombo vya habari, kokote ambako kuna mtu anayetunga fomu.

Nakala ya mstari wetu mpya iko mezani mbele yako, moja ya kawaida na moja ya nukta nundu. Aliyeiandaa ya nukta nundu ni yule yule aliyesema "Andika: fomu hii." Anahitimu leo, na ndiye atakayekukabidhi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.